Kisu cha Kukunja Kilichopangiwa Bei Mikumi

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya ushirika pale Kilosa, Fundi Mkuu alinikabidhi tupa na kipande cha chuma kilichobanwa kwenye jiriwa. "Kisawazishe, binti," alisema, "mpaka ukikiwekea rula mwanga usipenye." Nilisugua kutwa nzima. Jioni viganja vilijaa malengelenge na mwanga bado ulipenya. Fundi Mkuu alikigeuza kile chuma, akacheka. "Kesho uje tena. Mwanamume aliyekutangulia alitoka kwenda kula, hajarudi mpaka leo." Nilikwenda nyumbani nikiimba.

Ilikuwa miaka ya ujamaa, kila mtu akiitwa Ndugu, kuanzia meneja hadi mfagizi. Tulitengeneza majembe, miundu na visu vya jikoni. Kisha majembe ya kiwandani yakaja kwa wingi, yetu yakabaki kushika kutu. Ndugu Meneja, mtu mpole aliyependa kufikiri kwa sauti, akatuita. "Tumepewa msimu mmoja," alisema. "Tusipopata kitu cha kuuza, karakana inafungwa."

Nikasema nimewaona madereva wa malori ya Zambia pale Mikumi wakionyeshana visu vya kukunja vya kutoka nje, wakivisifu kama wafugaji wa Msowero wanavyosifu ng'ombe.

"Basi tengenezeni kimoja," akasema, "mkawaulize wenyewe."

Kisu cha kukunja kina ubapa, ndio unaokata. Kina mpini wenye nafasi ya kuuficha ubapa huo. Na mgongoni kina springi, ukanda wa chuma unaoubana ubapa usije ukajifunga kwenye vidole vya mtu. Springi yetu tuliikata kutoka springi chakavu ya lori. Nikakifunga kisu kwenye kanga, nikapanda basi.

Mkubwa wa wapenzi wa visu pale Mikumi alikuwa dereva mmoja mnene, Mzee Salehe, ambaye hakuwa na mfuko usio na kisu. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akakishika kisu changu karibu na sikio na kukifungua.

"Hakisemi," alisema.

"Kiseme nini, mzee?"

Akatoa chake. Ta! Wenzake wakaitikia kwa pamoja, "Naam!"

Niliporudi na habari hiyo, Fundi Mkuu aliuliza kama tumeagizwa kisu au kinanda. Hata hivyo tuliwasha makaa, tukayapuliza kwa mvukuto. Tuliipasha springi moto hadi ikawa nyekundu, tukaichovya kwenye mafuta ili ikaze, tukaipasha tena kidogo isije ikawa ngumu ya kuvunjika. Kadhaa zilivunjika. Ile iliyokubali ilipolia, Fundi Mkuu alikifungua na kukifunga kisu mpaka nikamwomba anirudishie.

Safari hii Meneja na Fundi Mkuu walifuatana nami. Madereva walishangilia. Lakini Mama Chausiku, muuza miwa wa pale stendi, alijaribu kukifungua, vidole vikateleza. "Hiki cha watu wenye mikono mikavu," alisema. Pale pale nikatoa tupa, nikaurefusha ule mfereji wa kuingiza ukucha kwenye ubapa. Akakifungua, akamenya muwa, akatugawia sote.

Ikabaki bei. Tukaketi kwenye banda la chai hapo stendi. Meneja alijumlisha chuma, mbao, makaa na ujira wetu, akaongeza kidogo cha ushirika, akaitaja.

"Kwa bei hiyo," alisema Mzee Salehe, "wenzangu watadhani ni bati."

"Kwangu mimi hata hiyo nzito," alisema Mama Chausiku.

Wakaanza kubishana, chai ikapoa. Meneja alikuwa akifuta jasho wakati Mama Chausiku aliposema, "Jamani, si yeye auziwe urembo, mimi niuziwe makali?"

Tukapanga hivi: mpini wa mpingo uliong'arishwa kwa madereva, mpini wa mninga usio na nakshi kwa wengine, na ile faida ya mpingo ipunguze bei ya mninga. Meneja alihangaika. "Watasema tumeleta matabaka kwenye visu!"

"Ubapa ni ule ule, Ndugu Meneja," alijibu Fundi Mkuu. "Hata springi ni ile ile."

Meneja akacheka hadi akashika meza. Mzee Salehe akaagiza cha mpingo papo hapo, na kingine cha mninga kwa ajili ya mkewe.

Msimu ulipokwisha, hakuna aliyezungumzia tena kuifunga karakana. Nilifanya kazi hapo mpaka nikaitwa Fundi Mkuu mimi mwenyewe, na mpaka nikastaafu.

Siku hizi vijana mafundi hunijia na michoro ya visu kwenye simu, mizuri kweli. Mimi huwauliza jambo moja tu: nani kati ya watakaokitumia ameshakishika? Wengi hukiri kwamba bado hakuna. Basi nawamiminia chai, nachukua mkoba wangu, tunatoka pamoja kwenda barabarani kuwatafuta hao watu.