Samaki Aliyekatazwa na Kukhu

Nilipokuwa msichana mdogo pale Kamere, ukingoni mwa Ziwa Naivasha, kulikuwa na samaki mmoja ambaye watu wa nyumba yetu hatukuruhusiwa kumgusa anapolinda mayai yake. Ni samaki yule yule ambaye leo hunipatia ugali wangu, na ambaye wageni huendesha magari kutoka Nairobi na Nakuru kuja kumtafuta kwa rodi za kuvulia za bei mbaya. Hana jina la Kiswahili. Waliomleta ziwani zamani walimleta na jina lake, nasi tunamwita bass tu. Ana mdomo mkubwa, mgongo wa kijani, na hasira za karibu.

Aliyetukataza ni Kukhu, ndivyo kwetu tunavyomwita bibi, mama yake baba. Kukhu alitoka Budalang'i, akaja kuishi nasi baada ya babu kufa maji katika lile ziwa kubwa la magharibi. Mama alifanya kazi kwenye shamba la maua na aliondoka kabla jua halijachomoza, kwa hiyo malezi yangu mengi yalikuwa mikononi mwa Kukhu. Baba aliendesha boti ya watu waliokuja kuvua kwa kujifurahisha, kazi ambayo Kukhu hakuielewa hata siku moja. Alikuwa akisema, "Mtu mzima anashika samaki, anapiga picha na yeye, halafu anamrudisha majini? Huyo ameshiba kupita kiasi."

Mwaka mmoja mvua kubwa zilipotulia, baba alinishika mkono akanipeleka mahali ambapo mafunjo yalikuwa yameacha uwazi kidogo, maji yakiwa ya magotini. Akanionyesha chini. Bass dume alikuwa amefagia tope kwa mkia wake mpaka mchanga ukang'aa, duara la ukubwa wa karai. Jike hutaga hapo kisha huenda zake. Dume ndiye hubaki, hali kitu cha maana, akizunguka juu ya mayai mpaka watoto watoke na waweze kuogelea wenyewe. Kivuli changu kilimwangukia, naye hakukimbia. Aliligeukia tu lile giza, akafungua mapezi yake.

Kukhu alikuwa ametufuata na beseni la nguo. Alipomwona yule samaki alitua beseni, akainama kumtazama.

"Huyu ni kama kamongo wa kwetu," akasema.

Kamongo ni samaki mrefu wa matopeni, na kwao Budalang'i walijua kwamba dume lake hulala shimoni akilinda mayai. Mvuvi aliyelikuta shimo hilo alitakiwa kupita kando. Kukhu akatuambia kwamba mwiko huo ulimhusu huyu wa Naivasha pia. "Ukitoa mlinzi kwake, na kwako mlinzi atatoka."

Baba akacheka. "Mama, huyu samaki ni wa wazungu. Mambo ya Budalang'i atayajulia wapi?"

"Yeye hajui. Wewe unajua."

Baada ya hapo nilikwenda kumtazama samaki huyo kila jioni nikitoka shule. Nilimpenda, sina aibu kusema hivyo. Niliwaona samaki wadogo wakinyemelea mayai, naye akiwafukuza mmoja mmoja na kurudi mahali pake. Kukhu alikuwa akiniuliza nikifika nyumbani, "Bado yuko?" Nikimjibu kwamba yuko, aliitikia kwa kichwa na kuendelea kupepeta mchele.

Hapa nitasema neno kama mvuvi, maana wageni huniuliza sana. Bass aliye kiotani ndiye rahisi kuliko wote kumnasa, na ndiye asiye na sifa yoyote kumnasa. Chambo chako cha plastiki hakili kwa njaa. Anakibeba mdomoni akitoe nje, mbali na watoto wake. Kumvua huyo ni kama kumpiga ngumi mtu aliyebeba mtoto, halafu ujiite bondia. Ukitaka kuujua mchezo huu, mtafute kwenye ukingo wa mafunjo au kwenye miti iliyozama, umwachie chambo kizame polepole, na uvumilie. Wengi hubadilisha chambo kila dakika tano kama mtu anayetafuta stesheni ya redio, halafu wanalilaumu ziwa. Na ukimpata, lowesha mikono kabla ya kumshika.

Baba aliyajua haya yote. Yeye ndiye aliyenifundisha.

Wikendi moja alikuja mgeni kutoka Nairobi, bwana mnene mwenye kofia mpya, mcheshi, ambaye hakuwa na ubaya wowote. Alivua Jumamosi mchana kutwa bila kitu. Jumapili asubuhi pia maji yalikuwa baridi na samaki hawakutaka. Saa sita walirudi ufuoni nilipokuwa nikimngoja baba, na nikamsikia mgeni akisema, "Boss, siku mbili hata mmoja? Nitaambia watoto nini?"

Baba alikuwa mtu wa kujivunia kazi yake. Kati ya waendesha boti wote wa ufuo ule, yeye ndiye aliyesifiwa kwamba wageni wake hawarudi mikono mitupu. Alinitazama, akatazama mafunjo. Halafu akasema, "Kuna mmoja. Twende kwa miguu."

Nilijua ni yupi. Nilitaka kusema kitu, lakini mtoto wa wakati huo hakukatiza maneno ya wakubwa, tena mbele ya mgeni. Niliwafuata nyuma. Mgeni alirusha mara moja tu. Samaki alikibeba kile chambo palepale, kama nilivyomwona akiwarukia wale samaki wadogo, na rodi ikapinda. Alikuwa mkubwa kuliko tulivyodhani. Mgeni alipiga kelele za furaha, akamkumbatia baba na kofia ikaanguka majini. Hakutaka kumrudisha. Alisema atamla na watoto wake, akamtia kwenye sanduku la barafu.

Wao walipoondoka, mimi nilibaki nikitazama lile duara la mchanga. Samaki wadogo walikuja, kwanza kwa woga, kisha kwa wingi. Kabla chai haijachemka walikuwa wamemaliza mayai. Nililia njia nzima mpaka nyumbani.

Kukhu hakuniuliza jioni hiyo kama bado yuko. Uso wangu ulimtosha. Alimwekea baba ugali na mboga, akakaa mbele yake na kumwomba kwa sauti ya chini, kama anayemwomba mtu wa nje, asikanyage ziwani mpaka mvua nyingine inyeshe. Baba hakumcheka safari hiyo. Alikaa nyumbani siku kadhaa, akashona nyavu za jirani, akarekebisha paa la jiko. Mvua haikuja. Kilichokuja ni simu ya yule mgeni. Picha ya samaki wake ilikuwa imewatia wivu marafiki zake, nao walikuwa njiani, kila mmoja akitaka wa aina hiyo.

Kesho yake alfajiri baba alitoka peke yake, kwa miguu, kutafuta viota vingine kando ya mafunjo. Kukhu alisimama mlangoni. Nakumbuka alivyoshika fremu ya mlango.

Kiboko alikuwa akirudi majini kutoka malishoni. Wavuvi waliosikia kelele walikimbia, lakini walipofika kazi ilikuwa imeisha. Sitaeleza zaidi. Tulimsafirisha baba, tukamzika Budalang'i kando ya babu.

Matangani watu walinong'ona, na minong'ono ikamfikia kila mtu. Walisema mama mzee alitabiri. Alimwonya mwanawe, mwana hakusikia, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tuliporudi Kamere, wanawake walianza kuja kwa Kukhu. Mmoja aliota ndoto, mwingine mume wake alikuwa anaanza kazi ya boti, mwingine alitaka tu kujua kama yuko salama. Walimletea sukari na majani ya chai. Walimwangalia kwa heshima ambayo hawakuwahi kumpa kabla. Nilifikiri atafurahi. Kukhu aliwarudishia sukari yao, akafunga mlango, na kwa muda mrefu nilimsikia ndani akitembea kutoka ukuta huu hadi ule.

Mimi niliamini. Kwa miaka mingi niliamini kwamba samaki alimchukua baba, na nililichukia lile ziwa kama mtu anavyomchukia jirani aliyemdhulumu. Lakini nilikulia ufuoni, na njaa haina chuki za kudumu. Nilianza kusafisha boti za watu, kisha kuziendesha, kisha kuwafundisha wageni kurusha. Nilipokwisha kuwa mvuvi kamili nikaona jambo ambalo mtoto asingeweza kuliona. Mtu anayetafuta viota huenda penye maji mafupi, kando ya mafunjo, alfajiri maji yakiwa matulivu. Kila mtu wa Kamere anaweza kukuambia kwamba hapo na saa hiyo ndipo kiboko hupita. Mwiko wa Kukhu ungemweka baba mbali na mahali pale hata kama samaki hana nguvu yoyote ya kulaani mtu. Niliona nimeupata ufumbuzi, na nikajisikia mwerevu sana.

Nikampelekea Kukhu ufumbuzi wangu. Wakati huo alikuwa haoni vizuri, akikaa nje juani na blanketi miguuni. Nilimweleza yote, viota, maji mafupi, njia ya kiboko. Nikamuuliza kama wazee wa Budalang'i walikuwa na maana hiyo.

Aligeuza uso kunielekea.

"Nekesa," akasema, "ya kamongo niliikuta. Ya huyu wenu niliongeza mimi."

Sikumwelewa.

"Babu yako alikufa maji. Halafu mtoto wangu anaenda kutafuta kazi, anaipata wapi? Majini. Kila asubuhi akitoka, nahesabu saa mpaka arudi. Ningemwambia asiende ziwani, mngekula nini? Shule yako je? Kwa hivyo nikaona yule samaki, nikasema angalau hiki kimoja naweza kumkataza." Alivuta blanketi. "Nilitunga, mwanangu. Na nilichotunga kikaja. Wale wamama wakaniletea sukari."

Nilimshika mkono wake, ambao ulikuwa mwepesi sana, na hatukuzungumza tena habari hiyo. Alifariki mwaka uliofuata. Mpaka leo sijui ni nini kilichomuumiza zaidi, kumpoteza mwanawe au kusifiwa kwa kumpoteza. Nadhani alikufa akiogopa kinywa chake mwenyewe, na hilo ndilo linalonihuzunisha kuliko yote, kuliko hata kiboko, maana kiboko alifanya kazi ya kiboko.

Ziwa limepanda tangu siku zile. Pale palipokuwa na kiota sasa ni maji ya kina, na migunga iliyokufa imesimama humo mikavu. Bass wamehamia kwenye mizizi yake, na wageni hupenda sana kuvua huko. Binti yangu Nafula, niliyempa jina la kuzaliwa la Kukhu, ameanza kuwapeleka yeye mwenyewe. Ana jicho la kuyasoma maji kuliko mimi, na nasema hivyo bila kumpendelea.

Juzi alikuwa akijiandaa kwenda peke yake alfajiri, kuangalia samaki wamelala wapi kabla wageni wa Nakuru hawajafika. Nilimfuata mpaka kwenye boti. Alikuwa ameshika kamba ya injini.

Nikamwambia, "Ukipata aliye kiotani, usimguse."

"Kwani nikimgusa?" Aliuliza akitabasamu, akijua kwamba nina maneno yangu ya kizamani.

Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yote, kama nilivyoyasikia siku ile kando ya beseni la nguo. Ningeyasema angeyaheshimu. Pengine angegeuza boti. Lakini nilimwona Kukhu akitembea kutoka ukuta hadi ukuta, nikayameza.

"Hakuna kitu," nikasema. "Ni mimi tu. Naogopa ukienda. Kila asubuhi ukienda, naogopa."

Sikuwahi kumwambia hivyo. Nafula aliacha kamba ya injini, akanitazama kana kwamba nimevua nguo mbele yake. Kisha akainama, akatoa chini ya kiti lile jaketi la kujiokolea majini ambalo tumegombana juu yake tangu aanze kazi, akalivaa, na akafunga vifungo vyote mpaka shingoni.