Ngamia wa Mvua ya Kwanza

Namshukuru Mungu kwamba pumzi ninayotumia kuwasimulia haya ni yangu, na inatoka bila mlio. Wengi wenu mlioanza dawa hivi karibuni mmeniuliza kama ni kweli nami nililala humu manyatta, kambi hii ya wagonjwa wa kifua, maana mnaniona nimenenepa na sauti yangu ya ualimu inasikika hadi barabarani. Ni kweli. Nitawaeleza yote, hata ya aibu, kwa sababu kifua hakitibiwi kwa adabu.

Naitwa Komora. Kwetu ni huko chini kufuata mto Tana, kwa Wapokomo, lakini miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Garissa. Nilifundisha Kiswahili na sanaa. Siku ya sanaa niliwatoa watoto darasani nikawaketisha kivulini karibu na Tana, kila mmoja na karatasi, brashi na kopo la maji. Walimu wenzangu walisema nakimbia joto la mabati. Mimi nilijua nifanyalo. Mwambie mtoto achore mti akiwa darasani, atakuchorea kijiti chenye mpira juu. Mketishe mbele ya mgunga asubuhi nzima, ataona mwenyewe kwamba hauna hata tawi moja lililonyooka.

Nilikuwa na mke, Zeinabu. Tulikaa miaka mingi bila mtoto, na mwaka ule ndipo aliposhika mimba. Nilikuwa na kila sababu ya kuishi, na nilikuwa nakohoa.

Nilisema ni chaki. Halafu nikasema ni vumbi. Usiku nilitoka jasho mpaka Zeinabu akawa anaanika shuka kila asubuhi kama wenye watoto wadogo. Suruali ilinivuka kiunoni nikaifunga kwa kamba. Chakula kilinikaa mdomoni kama udongo. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilikuwa hodari wa kuficha.

Nikaumbuliwa mbele ya wanafunzi. Tulikuwa mtoni, nawaonyesha jinsi ya kupaka anga juu ya karatasi yenye maji. Kikohozi kikanishika. Nilipofumbua macho niliona tone jekundu limeanguka juu ya ile buluu, linatambaa polepole kwenye maji. Msichana aliyekaa karibu nami aliinama akatazama.

"Mwalimu, hiyo nyekundu umeitoa wapi? Hatuna nyekundu."

Nilikunja karatasi nikawaambia somo limekwisha.

Hospitalini nilipokewa na daktari mmoja mwanamke, mfupi, asiyependa porojo.

"Umekohoa tangu lini?"

"Wiki mbili hivi," nikasema.

"Tangu kabla ya Ramadhani," akasema Zeinabu.

Daktari hakunitazama tena. Maswali yote yaliyobaki alimuuliza mke wangu.

Makohozi yalipopimwa, ilikuwa TB. Zeinabu naye akapimwa, akaonekana hana. Daktari akatukalisha pamoja.

"Mwalimu, utakaa manyatta, umeze dawa mbele yetu mpaka mimi niseme basi. Si mpaka wewe ujisikie vizuri. Mpaka mimi niseme. Na mtoto akizaliwa kabla ya hapo, humkaribii. Mtoto mchanga akivuta hiki ulicho nacho, huenda asifike hata kutambaa."

Zeinabu alishika tumbo lake kwa mikono miwili. Sikusahau mikono ile.

Basi nikaingia humu. Vibanda vilikuwa kama hivi hivi, vya fito na mikeka, vimejaa wafugaji waliotoka mbali, wengine hata Banissa. Kila asubuhi ilikuwa sindano ya matako, kisha vidonge, kisha kufungua mdomo nesi ahakikishe hukuficha kitu chini ya ulimi. Mara ya kwanza kukojoa baada ya dawa nilipiga kelele, nikidhani figo zimepasuka. Mkojo ulikuwa rangi ya chungwa lililoiva. Wazee walicheka mpaka wakashikwa na kikohozi. Lakini jirani yangu wa upande wa kulia hakucheka, hakuwa na nguvu hiyo. Alikufa wiki ile ile, na mkeka wake ukaegemezwa nje ya kibanda changu. Niliogopa. Kila nilipokohoa nilitema kwenye kitambaa cheupe, nikakifungua taratibu kutazama rangi.

Jirani wa kushoto alikuwa Warsame, mfugaji wa ngamia kutoka upande wa Balambala. Alikuwa mtu mzima, mrefu, mbavu unazihesabu. Ngamia wake alimwachia mdogo wake. Kutwa alikaa mlangoni akitazama upande wa kwao, hasemi na mtu.

Daktari alikuwa akitufokea tusijifungie ndani. Jua na upepo ni adui wa hivi vijidudu, alisema, kaeni nje. Kukaa nje bila kazi kunachosha, kwa hiyo nikamwomba Zeinabu aniletee sanduku langu la rangi. Aliliacha kwenye uzio wa miiba akarudi nyuma, akanipungia mkono. Tumbo lilikuwa limeanza kuonekana.

Nilipoanza kupaka, Warsame akaja akasimama juu yangu. Kiswahili chake kilikuwa cha Kisomali, p huitamka b na v huitamka f.

"Mwalimu, unafanya nini na hii maji?"

"Nachora ule mgunga, adeer," nikamwita ami kwa lugha yao.

"Mgunga si iko bale? Unataka mbili?"

Ndivyo darasa lilivyoanza. Kesho yake alikuja na wenzake watatu, wazee wa ngamia ambao hawakuwahi kushika hata penseli. Daktari aliruhusu, kwa masharti: kila mtu na brashi yake, tukae mbalimbali, na mimi niache tabia ya kuchonga ncha ya brashi kwa midomo. Tulichora asubuhi, punde baada ya dawa, maana jua likipanda Garissa karatasi hukauka kabla brashi haijafika.

Somo la kwanza sikuwapa brashi. Nilimwambia kila mmoja achague kitu kimoja, mti, jiwe au kichuguu, akitazame mpaka aone jambo ambalo hajawahi kuliona. Walilalamika. Watu hawa wanamwona ngamia aliyepotea mimi nisipoona hata vumbi, sasa wanaambiwa wajifunze kutazama. Lakini Warsame alikaa mbele ya mgunga wake kimya, na mwishowe akasema, "Hii mti nimebita kila siku. Kifuli yake si nyeusi. Iko na buluu." Nilifurahi kana kwamba mimi ndiye niliyekiumba kile kivuli.

Somo la pili lilikuwa kuvuta anga. Unalowesha karatasi, unajaza brashi, unavuta rangi kutoka ukingo hadi ukingo, mstari chini ya mstari, bila kusimama. Ukisimama, rangi hukauka na kuacha kovu. Sasa wagonjwa wa kifua wavute anga bila kusimama, wapi? Kila mtu alikohoa njiani. Anga la kila mtu lilikuwa na makovu. Wazee wakaanza kushindana nani atafika mbali zaidi, na mimi, kwa ujinga wa mwalimu anayependa mitihani, nikawachochea. Nikawaambia, "Siku utakayovuta anga zima, jua mapafu yanarudi."

Dawa ilifanya kazi. Jasho la usiku liliisha. Nilianza kuota ugali. Ikafika asubuhi nikavuta anga zima bila kukohoa, na siku chache baadaye Warsame naye akavuta lake, akaliinua juu wote walione. Tulicheka kama watoto.

Halafu mvua ikanyesha. Kiangazi kilikuwa kirefu sana, na ilipokuja ilikuja kwa vurugu na baridi. Siku chache tu nchi yote nje ya uzio ikawa na majani mapya. Nikawatoa darasa langu tukachore kijani. Kijani ni rangi ngumu, anayeanza huipaka nene kama rangi ya mlango. Niliwaambia wainame watazame: chini ya ule ubichi mwembamba ardhi bado ilikuwa kijivu.

Mimi nilichora vichaka. Nilipopita kwa Warsame nikashangaa. Siku zote alikataa kuchora mnyama. "Mwenye roho sichori," alikuwa akisema. "Siku ya kiama nitaambiwa nimbe roho, nitatoa wabi?" Sasa chini ya mti wake wa kijani alikuwa amelaza ngamia, shingo imenyooka chini.

"Adeer, si ulisema wenye roho huchori?"

"Huyu hana roho. Imekufa."

"Ameuawa na nini?"

"Mfua." Akachovya brashi. "Kiangazi yote imefumilia. Haikufa. Mfua ya kwanza imekuja, majani imetoka, mwenyewe anafurahi, anaachia tu. Mnyama haina ngufu, inakula majani mabya, tumbo inaharisha, baridi inabiga. Asubuhi unakuta imelala hifi. Mchungaji mzuri anazuia, hata kama inalia."

Hazikupita siku nyingi. Asubuhi moja, baada ya dawa, nikamkuta Warsame amefunga mzigo wake. Mdogo wake amekuja, ngamia wametawanyika kwa kufuata malisho, wengine hawaonekani. Lori la mifugo linangoja barabarani.

"Mimi nabona, mwalimu. Umesema mwenyewe. Anga nafuta yote, haikatiki."

Maneno yale yalikuwa yangu. Tulijua wote nini humpata anayekatisha dawa, kwa sababu kuna waliorudi wakibebwa, na dawa zile zile zikakataa kuwasaidia. Nikaanza kumhubiria habari za vijidudu. Hakunisikia. Honi ikalia. Nikakimbia kibandani kwake, nikachomoa karatasi yake kwenye mkeka, nikamwekea mbele ya uso.

"Adeer, ngamia huyu alikufa lini?"

Akageuka kutazama lori.

"Nijibu. Alikufa kiangazi?"

Honi ililia tena. Mdogo wake akamwita. Warsame alitazama ile karatasi muda mrefu mpaka nikadhani hanioni tena. Kisha akaketi juu ya mzigo wake, akafunika uso kwa kitambaa chake cha begani. Lori likaondoka. Alilia, nami nikakaa kando yake.

Ningependa kuishia hapo, nionekane shujaa. Lakini zamu yangu ilikuwa njiani.

Zeinabu alijifungua mapema. Dada yake alikuja mchana akasimama nje ya uzio. "Msichana," alisema. "Amepata shida sana, damu imemtoka nyingi. Anakuita." Nikamuuliza kama atapona. Akasema, "Anakuita," akageuka akaenda.

Sikufikiri. Nilivaa shati safi. Kifua kilikuwa chepesi, sikuwa na homa, sijakohoa tangu juzi. Nikajiambia nitasimama mlangoni tu. Nikajiambia nitafunika mdomo. Nikajiambia kwamba daktari hana mtoto wa kwanza aliyengojwa miaka yote hiyo. Hapa hakuna askari, mnapajua pale penye mwanya wa miiba. Nilipofika, Warsame alikuwa amekaa katikati ya mwanya, karatasi magotini, anapaka rangi.

"Nipishe, adeer."

"Ngamia alikufa lini?"

Nilimtukana. Nilitumia maneno ambayo mwalimu hatakiwi kuyajua. Nikamwambia yeye alilia kwa sababu ya wanyama, mimi ni mke wangu. Hakuinuka, wala hakukasirika.

"Mwalimu. Alikufa lini?"

Nilitaka kumruka. Nilikuwa na nguvu hiyo, na yeye alilijua hilo. Akanyoosha mkono akanipa karatasi yenye maji na brashi mpya. "Futa anga. Ikitoka yote, bita."

Nikapiga magoti palepale kwenye matope. Nikavuta mstari wa kwanza, wa pili. Nikafika katikati. Kifua kikajikunja chenyewe, nikakohoa mpaka macho yakatoka machozi, na brashi ikabaki imesimama juu ya karatasi. Nilipopata pumzi tena, anga lilikuwa na kovu pana.

Niliwaza kikohozi kile kikitokea juu ya uso wa mtoto.

"Alikufa mvua ilipokuja," nikasema.

"Haya. Keti."

Daktari mwenyewe alikwenda kumwona Zeinabu jioni ile. Alirudi akaniambia damu imekoma, yu hai, na mtoto ananyonya. Nilimshika mkono nikaubusu, naye akaniambia niache upuuzi nikalale.

Nilikaa mpaka mwisho. Makohozi yalipimwa tena na tena, na hata yalipokuwa safi bado nilimeza. Siku daktari aliposema basi, nilikwenda nyumbani kwa miguu. Binti yangu, Hawa, alikuwa tayari anaketi. Aliniona, akaona mwanamume mwenye ndevu asiyemjua, akapiga yowe la kukatisha roho. Nilimpakata hivyo hivyo akilia, nikavuta pumzi hadi chini kabisa, nikaitoa juu ya nywele zake bila hofu. Zeinabu alikuwa mlangoni, amejishika tumbo kwa mikono miwili kama siku ile, ila sasa anacheka.

Warsame naye alimaliza. Ngamia wengine hakuwapata tena, na sitawadanganya kwamba haikumuuma. Alipoondoka aliniachia ile picha. Iko ukutani kwangu hadi leo, na wageni huuliza kwa nini mwalimu wa sanaa ametundika mzoga sebuleni.

Ndugu zangu, mnapolala hoi hamna haja ya mawaidha, kwa sababu hamwezi kwenda popote. Mtakapoanza kuota ugali ndipo mnikumbuke. Kesho baada ya dawa njooni nje na makopo ya maji, nitawafundisha kuvuta anga. Na siku lako litakapotoka zima, niletee nilione, nitafurahi kwelikweli. Ila usije na mzigo.