Tawi la Muhuti kwenye Banda la Kuku

Nilipokuwa mtoto mwenye mapengo, meno ya mbele yameng'oka na mapya hayajaota, Cucu, nyanya yangu, alinikataza kucheka karibu na miti inayokatwa. Alisema pengo ni mlango, na siku hizo walikuwa wengi waliokuwa wakitafuta pa kuingia. Basi nikajifunza kucheka nikiwa nimeziba mdomo kwa kiganja, na hadi leo, uzeeni, na mapengo yenyewe yamerudi, bado nafanya hivyo. Wajukuu wangu hudhani ni adabu.

Ilikuwa miaka ya Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, upande wa juu wa Embu, pale mashamba yanapopakana na msitu wa mlima. Tulikuwa tumetoka katika kijiji cha kufungiwa, kile cha nyumba zilizobanana ndani ya uzio wa miba, tukaonyeshwa shamba letu jipya. Lilikuwa kichaka kitupu. Mama hakulalamika. Aliazima shoka, akanoa panga, akaanza kufyeka kuanzia upande wa njia. Baba yangu, Njeru, alikuwa ameingia msituni na wapiganaji kabla sijajua kuongea vizuri, na tangu hapo hatukusikia habari zake. Mama aliamini yu hai. Alikuwa akisema tu kwamba mtu hawezi kurudi kwenye boma lisilo na jogoo, kwa hiyo lazima kichaka kiishe na kuku waje. Cucu, aliyekuwa mama yake baba, hakusema anaamini nini.

Ila kuhusu miti alisema, na alisema sana. Kwa watu wetu wa zamani kila mti mkubwa una wenyewe wanaokaa ndani yake. Ukiuangusha, wanabaki nje, na mwenye kunyimwa nyumba huja kukuomba yako. Kwa hiyo mtu akifyeka msitu huacha mti mmoja umesimama, ili wote waliofukuzwa wahamie hapo. Cucu aliuchagua muhuti mmoja mkongwe wenye miiba, uliokuwa katikati ya shamba. Mama alikuwa mtu wa kanisa na hakupenda mambo hayo, lakini hangebishana na mama mkwe mbele ya mtoto. Akauacha. Akafyeka mingine yote, na kila ulipoanguka mmoja, Cucu aliutazama ule muhuti kama anayetazama watu wakiingia nyumbani kwa jirani.

Nami nilitazama. Sikuona kitu, lakini jioni jioni nilipopita chini yake nilihisi kwamba umejaa, kama nyumba ya msiba inavyojaa watu hata wakinyamaza.

Mama alijenga banda la kuku karibu na jiko, la fito na udongo, paa la nyasi. Ndani akaweka ufito mrefu wa kulalia, kutoka ukuta hadi ukuta. Dada yake akampa tetea wawili na jogoo, wakazaana. Hapo taabu ikaanza, maana mwewe alipata pa kukaa. Alitua juu kabisa ya muhuti, akachagua kifaranga kama mtu aliye sokoni. Mama alimrushia mawe na maneno ambayo kanisani hayasemwi. Nilijua siku za mti ule zinahesabika.

Lakini aliyeuangusha hakuwa Mama. Hedmani wetu, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, alikuja na askari wawili kutangaza kwamba miti yote inayoonekana kutoka kwenye handaki lililochimbwa kututenga na msitu iondolewe, ili watu wa msituni wasipate pa kujificha. Alikuwa mtu wa kwetu kabisa, mama yake alizungumza na Cucu kila siku kisimani, ila akivaa lile koti la kazi alisahau Kiembu na kushika Kiswahili.

"Hii miti yote iende chini," alisema. "Hata hii moja."

Cucu alimwomba muda kidogo tu, akapewa siku hiyo hiyo. Ipo njia ya kuwahamisha wenyewe, akanieleza huku akikata tawi moja kwa panga. Unalikata kwenye mti wenyewe, unaliegemeza shinani, unawaomba waliomo waingie katika tawi. Kisha unalibeba hadi mti mwingine uliosimama, unaliegemeza hapo, nao wanahama kwa amani. Aliegemeza, akanong'ona, akamimina uji kidogo shinani. Kisha akalibeba tawi mikononi, akageuka kutafuta pa kulipeleka.

Hapakuwa na mti. Mteremko wote ulikuwa umenyolewa. Kila boma lilikuwa limepokea amri ileile, na tulichokiona ni visiki mpaka bondeni. Miti iliyobaki ilikuwa ng'ambo ya handaki, na aliyevuka huko alipigwa risasi bila kuulizwa jina. Bado namwona Cucu amesimama pale na tawi lile kifuani, mwanamke aliyejua kila kitu cha kufanya, na dunia imeondolewa pa kukifanyia. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, kwa sababu yeye aliogopa.

Mwishowe alilikokota hadi bandani. Alichimba kwa ncha ya panga, akalisimika ndani, mwisho wa ufito, ili kutoka nje hedmani asilione. Akaanza kuwakaribisha. Alitaja wenyewe wa mti huu na mti ule, akataja watu wa ukoo waliofia msituni bila kuzikwa, mmoja mmoja, kwa sauti ya kuita watu waje kula. Kisha akasema, "Na Njeru, mwanangu."

Mama alikuwa mlangoni. Aliingia akamshika Cucu mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Usimwite huyo," alisema. "Huyo hajafa."

"Namwita aje nyumbani," Cucu akajibu. "Kama yuko hai, atakuja kwa miguu."

Mama akamwachia mkono. Nje, askari walikuwa wakishambulia muhuti kwa mashoka, na ukaanguka.

Jioni hiyo kuku walikataa kuingia bandani. Walisimama mlangoni shingo zimenyooka, wakitazama ndani, hata jogoo, aliyekuwa na kiburi kama hedmani. Wakati wa kutotoka nje ulikuwa umekaribia, basi Mama akawakamata kwa mikono na kuwatupa ndani huku wakipiga makelele. Asubuhi nilipofungua niliwakuta wamebanana upande mmoja wa ufito, mbawa juu ya mbawa. Upande wa tawi ulikuwa mtupu. Hakukuwa na kinyesi hata kidogo chini yake.

Ikawa hivyo kila siku. Mama alisema wanaogopa miiba. Akaipogoa miiba yote, na kuku hawakusogea. Akasema ni harufu. Akapaka ukuta majivu. Mvua ziliponyesha alilishika lile tawi kwa mikono miwili alitoe kabisa, likakataa, limeshika mizizi. Aliliacha, akaenda jikoni, nami nikamsikia akilia kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Emajensi ikaisha. Wanaume wakaanza kurudi, kutoka vizuizini na kutoka msituni, wamekonda na nywele ndefu. Kila aliyepita njiani Mama alimtazama miguu kwanza. Sikuelewa kwa nini miguu. Cucu akafariki bila kusema neno lingine juu ya mwanawe, na bado njia ile haikuleta mtu wa kwetu.

Siku moja, mimi sasa msichana mkubwa, tuliongeza kuku na banda likajaa. Wakipanda ufitoni, wengine walianguka kwa kukosa nafasi. Nikachukua tetea mmoja mpya, mweupe, asiyejua mambo ya boma letu, nikamweka kwenye ule mwisho mtupu, karibu na tawi lililokuwa limetoboa paa na kutoa maua mekundu. Nilidhani nasaidia. Mama alinyoosha mkono akamwondoa polepole, kama unavyomwondoa mtoto kwenye kiti cha mgeni.

"Hapo pana mtu," alisema.

Akafunga mlango wa banda, tukaenda kula.

Hivyo ndivyo nilivyoambiwa kwamba baba yangu alikuwa amekufa. Hatukupata kaburi, wala aliyetuletea habari. Mimi ni mtu wa kanisa kama Mama, na nikiulizwa kama naamini wafu hukaa mitini, nitasema siamini. Lakini banda nimelijenga upya mara nyingi, kuuzunguka ule muhuti, na mwisho wa ufito sijawahi kumruhusu kuku alale. Jioni, kabla sijafunga, huwa nasema usiku mwema kwa sauti, nimeziba mdomo kwa kiganja.