Kanuni ya Mkono wa Kushoto
Mwaka ule makampuni ya watu binafsi yalipoanza kushindana na chama cha ushirika kununua pamba, mwalimu wetu wa fizikia aliacha chaki akaenda kuyapimia magunia kijijini Kasoli. Alikuwa ametufundisha mekanika yote na umeme karibu wote, akatuacha kwenye sumaku, ukurasa wa kwanza. Tulikuwa kidato cha nne, na mtihani wa taifa ulikuwa unakuja. Watu wazima walisema ametafuta maisha. Mimi nilimkasirikia, na hasira ile haijaisha vizuri hadi leo.

Baba alikuwa ameshasema lake. Nikifaulu fizikia, nitaendelea kidato cha tano mchepuo wa sayansi kama nilivyotaka. Nisipofaulu, narudi shambani, na asisikie tena habari za sayansi nyumbani kwake. Hakuwa mtu wa kurudia maneno.

Basi tukajifundisha wenyewe. Baada ya vipindi kundi zima lilikuja kwetu, pembeni mwa mji wa Bariadi, tukaandika kanuni kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko la bibi. Tulijiwekea sheria: anayetaja kanuni ataje na kipimo chake, akisahau anakwenda kuteka maji. Ukisema F = ma halafu ukakwama kwenye nyutoni, shika ndoo. Bibi aliipenda sana fizikia kwa sababu hiyo.

Mekanika haikutusumbua. Kani ni tungamo mara mchapuko. Sote tulikuwa tumeshaswaga ng'ombe wa plau na tulijua mzigo ukizidi mwendo unakuwaje. Kazi ni kani mara umbali. Uwezo ni kazi kugawanya kwa muda, na hapo tulibishana kama anayepalilia shamba haraka amefanya kazi kubwa kuliko anayelipalilia lile lile polepole. Tukakubaliana kuwa kazi ni ile ile, ila wa haraka ana uwezo zaidi. Bibi akadakia kwamba wa haraka amekata na miche ya pamba.

Umeme nao ulipita. V = IR tuliielewa kwa betri za redio, zile tulizokuwa tukizianika juu ya bati ili zipate uhai wa siku mbili tatu.

Sumaku ndiyo ilitutoa jasho. Waya wenye mkondo ukiwa ndani ya uga wa sumaku unasukumwa, F = BIL; kiasi tulikipata bila shida. Lakini unasukumwa kwenda wapi? Kitabu kilitaka uinue mkono wa kushoto: kidole cha shahada kionyeshe uga, cha kati mkondo, gumba likuonyeshe kani. Na kwetu mkono wa kushoto haunyooshwi mbele ya mkubwa. Humpi mtu kitu kwa kushoto, humwelekezi njia kwa kushoto. Siku tulipoinua kwa mara ya kwanza, bibi aliweka ungo chini.

“Ng'wanone, mwanangu, huo mkono mnamnyooshea nani?”

“Ni masomo, bibi. Kitabu ndicho kinasema.”

“Kitabu hakina wazazi. Hapa kwangu tumieni wa kulia.”

Tukatafuta dawa: tutumie wa kulia, halafu tugeuze jibu. Likitoka chini, andika juu. Ikakubali, tukajiona wajanja kweli kweli. Kisha tukafika kwenye jenereta, ambako kitabu chenyewe kinataka mkono wa kulia, nasi tulikuwa tumezoea kugeuza kiasi kwamba tukageuza na hilo. Nusu walisema juu, nusu chini, na kila mmoja aliapa. Niliogopa. Nilijiona narudi shambani hivi hivi, kwa sababu ya adabu. Nikaamua kwamba siku ya mtihani nitatumia mkono ambao kitabu kinautaka, radhi nitaomba baadaye. Wenzangu wakasema na wao.

Swali lilikuja: waya, sumaku, mshale wa mkondo. Nikainua wa kushoto, vidole vitatu nimevitawanya. Msimamizi, mwalimu wa Kiswahili aliyeletwa kutoka shule nyingine, mtu wa makamo, akaja akasimama kando yangu.

“Unampa nani ishara?”

Nikageuka. Chumba kizima wenzangu walikuwa wamenyoosha vidole vitatu hewani. Hata mimi ningedhani tunaibiana majibu. Akaikamata karatasi yangu.

“Ni fizikia, mwalimu. Shikamoo.” Hiyo shikamoo ilinitoka kwa woga.

“Marahaba. Kama ni fizikia, basi fanya kwa mkono wa kulia, binti. Huoni nimesimama hapa?”

Machozi yalinilenga. Nikamwinulia wa kulia, kwa heshima zote, nikauzungusha polepole hewani kama mtu anayefikiri sana. Akaridhika, akaiachia karatasi. Wa kushoto ulikuwa chini ya dawati, juu ya goti langu, umeshatega vidole vyake. Gumba lilielekea juu. Nikaandika: juu.

Nilipokwenda kidato cha tano, baba alinisindikiza mwenyewe hadi stendi, sanduku langu la bati begani, na njia nzima alikataa nimpokee.