Shimo la Kitambaa cha Buluu

Nilipokuwa mtoto, meno ya mbele ndiyo kwanza yanang'oka, pwani yetu ya Uroa ilijaa mali isiyolindwa. Maji yakitoka unaona vijiti tu, kila kimoja na kitambaa chake, na chini ya kila kijiti shimo la makumbi ya nazi, yamefukiwa yaoze ili yapondwe, yatoke nyuzi za kusokotea kamba. Yanakaa humo miezi. Nusu ya wenyewe hatukuwajua. Walitoka vijiji vya ndani, wakafukia, wakenda zao.

Bibi aliyenilea alikuwa akisema, mwenye kufukua shimo la mwenziwe harufu ya makumbi haimtoki mkononi mpaka mwenye mali amsamehe. Akoshe kwa ndimu, akoshe kwa majivu, haitoki.

Siku moja akanituma nikalete pakacha moja la makumbi kutoka shimo letu. Letu nililifukua, makumbi bado magumu. Sikutaka kurudi mtupu, na la pembeni, lenye kitambaa cha buluu, makumbi yake yalikuwa laini kama mkate uliolowa. Nikajaza. Maji yalikuwa yanarudi taratibu, meupe kama maziwa, na hakuna aliyeniona. Bibi akafurahi kuwa yetu yameiva mapema.

Nilikosha kwa ndimu. Nilikosha kwa majivu. Nikilala naota mkono wangu unakwenda pwani peke yake.

Bamvua lililofuata, maji yalipotoka mbali, mwenyewe akaja: mwanamke mrefu, pakacha tupu kichwani. Alipoona shimo li wazi hakupiga kelele, aliketi tu mchangani. Wanawake wakakusanyika. Mmoja akawatupia lawama watu wa kijiji jirani. Mwengine akasema basi kuanzia leo tulinde kwa zamu, na mgeni asifukie tena hapa. Yule mwanamke akainamisha kichwa. Kwao hakuna bahari.

Bibi akasema kila mmoja anyooshe mikono, inuswe. Wakacheka, wakanyoosha. Mie nikautia wangu ndani ya kanga. Aliyeniona ni Bibi peke yake, na angeweza kunyamaza. Akanivuta mpaka mbele ya mgeni.

"Ni huyu. Mjukuu wangu."

Mgeni akaunusa mkono wangu, kisha akanusa wake. "Mbona sote tunanuka, mwanangu?"

Hapo ndipo nilipolia. Bibi akampa kamba zote alizosokota mwezi ule, nasi tukala muhogo mkavu siku nyingi. Habari ya zamu haikutajwa tena.

Sasa naishi mjini, mtaa wa Malindi, karibu na bandari. Wasafiri wa boti huniambia, "Bibi, nitazamie mzigo huu," wakapotea, wala hawanijui. Nami naukalia mpaka warudi. Nimeshafahamu kwamba Bibi hakuwa akitafuta mkono unaonuka. Alikuwa akitafuta unaojificha. Lakini si hilo lililonilea.

Msimu wa pili yule mwanamke alirudi. Akayapita mashimo yote, akachimba ubavuni mwa letu, akanipa kijiti nikichomeke mimi. Kisha akashika njia ya kwao, na mgongo wake ukaenda ukififia kwenye jua, hakugeuka hata mara moja.

Jina lake sikulijua. Miezi yote ile, asubuhi kabla ya chuo cha Kurani, nilishuka pwani kumtazamia makumbi yake, kama niliyeachiwa mtoto mchanga.