Mama Hakutia Sahihi

Lorna Kubik alikuwa mwosha vyombo katika nyumba ya wazee mjini Halder, Iowa. Hakimu wa watoto alikuwa ameamua kwamba asiwe tena mzazi wa bintiye Betsy, na kilichomchoma ni kuwa hukumu ilisema kweli. Alikuwa amelala fofofo kwa vidonge vya kulevya, mtoto wa miaka minne akatoka peku kwenye theluji, akaokotwa na dereva wa lori la maziwa. Ila haikusema kwamba tangu siku ile, miezi kumi na mmoja, Lorna hakuwa amegusa kidonge.

"Hilo majaji wa rufaa watalisikiliza," wakili wake, Bwana Petrick, alimwambia kwa simu. "Lakini kesi za watoto, sahihi yangu peke yangu haitoshi. Sharti mzazi atie yake kwa mkono wake kwenye karatasi ya rufaa. Una siku kumi na tano, Bi Lorna."

"Si uniwekee tu wewe? Jina langu unalijua."

"Nikuwekee, tufukuzwe sote wawili? Njoo mwenyewe."

Ofisi yake ilitazamana na mkahawa. Siku ya tatu Lorna alifika, akawaona akina mama wa kanisani wamejaa dirishani na vikombe vyao vya kahawa, akapita moja kwa moja kama mwenye safari. Siku ya tisa, vilevile.

"Wee shoga," Darla mpishi alimwambia jikoni, "mahakamani wanamwandika mtoto B.K., eti kumsitiri. Halder hii ina B.K. wangapi? Hata ng'ombe wanajua! Sasa unamficha nani?"

"Najificha mimi."

"Basi jifiche na kalamu mkononi!"

Lorna alicheka, kisha akainamia sufuria asionekane macho.

Siku ya kumi na tano alivaa koti lake la Jumapili. Alikuwa keshauona mlango wa wakili pale Bi Verna, aliyemfundisha sala utotoni, alipotoka mkahawani akamshika bega.

"Lorna, mwanangu, tunakuombea. Unakwenda wapi na baridi hii?"

Bi Verna angemsuta, Lorna angepita. Upole ndio uliomshinda.

"Posta," alisema. Na akaenda posta kweli, akanunua stempu asizokuwa na barua ya kuzibandikia, akakaa humo mpaka jioni.

Asubuhi ya pili alikuwa wa kwanza mlangoni kwa Petrick. Wakili alimtazama, akavua miwani, akamsogezea karatasi atie sahihi hivyo hivyo, ingawa siku zilikwisha jana.

Uamuzi wa majaji watatu haukujaza kurasa mbili. Habari ya miezi kumi na mmoja bila kidonge hawakuifikia. Rufaa ilitupwa, kwa kuwa mama hakutia sahihi kwa wakati. Hawakumtaja jina. Mahali pote walimwita mama, na kila alipolisoma neno hilo uso ulimwaka.

Siku ya kuagana Lorna na Betsy waliwekwa maktaba, ofisa wa ustawi wa jamii akikaa pembeni.

"Mama, mbona sirudi nyumbani?" Betsy aliuliza.

Lorna alikuwa ameambiwa ajibu kwamba wakubwa wameamua. Alishindwa.

"Kuna karatasi nilitakiwa kuandika jina langu. Niliona haya watu wataniona, nikachelewa."

Betsy alifikiri. "Hujui kuandika?"

"Najua, mwanangu," alisema Lorna. "Najua."