Pikapu ya Baba Isiyotaka Kufa

Mlango wa upande wa mama haukuwa ukifunguka kwa ndani. Mkono wa mlango ulikatika zamani, plastiki imeliwa na jua la Maskati mpaka ikawa kama biskuti, na sisi tukazoea. Tukifika tunakokwenda nashuka mimi, nazunguka mbele ya gari, nachukua kigoda kilichoko nyuma kwenye bodi, nakiweka chini, ndipo namfungulia. Yeye hukaa akinisubiri, mkoba mapajani, kama bibi harusi. Pikapu ni ya Kimarekani, ndefu na ya juu, na magoti yake hayawezi tena kuruka. Lakini gari jingine hataki. Saluni ya kaka yangu, gari la chini, anaiita kisima. "Ndani ya ile sioni kitu ila matairi ya watu," husema. "Hapa juu naiona Maskati yote."

Baba aliinunua mpya, Wattaya, kwenye safu ya maduka ya magari, mwaka aliostaafu. Katika ujana wake, alipotoka Unguja, alifanya kazi jangwani kwenye visima vya mafuta, na huko Wamarekani walikuwa na magari kama hayo. Akatia nia kuwa siku moja atakuwa nalo lake. Majirani walimcheka. Hapa kila mtu ana elimu ya magari, na elimu yenyewe ni moja: la Kijapani utamwachia mjukuu, la Kimarekani litakuachia mapande njiani. Ubaridi wake, kweli, hauna mfano. Mwezi wa Juni, Maskati ikiungua, utatetemeka meno ndani ya gari la Kimarekani. Mengine yote, walisema, ni bati na karatasi.

Mimi niliwaamini, na hapo ndipo nilipojifunga.

Tangu nimalize sekondari sikupata kukaa pahala pamoja. Nimeuza vitambaa Mombasa, nimepanga maboksi ghalani Dubai, nimehudumia wageni hotelini Unguja, nikarudi hapa, nikaondoka tena. Kila nilipo hukumbuka pengine. Baba alipougua nilirudi kumuuguza, na begi langu sikulifungua lote.

Msiba wake ulipotulia tulikaa kugawa mirathi. Mjane mwenye watoto hupata thumni, fungu moja katika manane, hilo halikuwa na ubishi. Nyumba ya Mabela ilijulikana, kiwanja kilijulikana. Ilipofika zamu ya pikapu, kaka akasema iuzwe, kila mtu apewe chake.

"Thumni yangu mimi ni kiti changu," mama akasema. "Mkiliuza gari, king'oeni mniletee ndani."

Nilicheka peke yangu. Kaka akauliza basi nani atakayemwendesha. Yeye ana kazi wizarani na nyumba iliyojaa watoto. Dada yetu anayekaa Bustan haendeshi gari kubwa. Macho yote yakanigeukia mimi, mtu asiye na mke wala kazi ya kudumu. Huruma ilinishika, na ujinga ukaisukuma. Nikasema, mbele ya wote: "Wallahi, sitoki Maskati mpaka gari hili life."

Moyoni nilikuwa nalihesabia mwaka mmoja. Likizidisha sana, miwili.

Vitu vikaanza kufa, kimoja baada ya kimoja, ila si kile nilichokingojea. Dashibodi ilipasuka kutoka pembe mpaka pembe. Kitambaa cha dari kilishuka vichwani mwetu, mama akakipandisha kwa pini zake za mtandio, na mpaka leo kimetuna baina ya pini kama godoro. Rangi ya paa ilichunika. Bampa ya nyuma ililiwa na kutu, maana kila wiki tulikwenda Bustan kwa dada, na pale chumvi ya bahari haimwachi mtu. Kioo cha mama kiligoma kushuka, changu kikafuata. Redio ilikufa ikiwa imeshika steshini moja ya kusoma habari.

Injini haikukohoa hata siku moja. Niliipeleka kubadilisha mafuta Wadi Kabir, kwenye karakana za magari, na kila mara fundi alifunga boneti akanambia maneno yale yale kwa Kiarabu chake cha kazini: "Makina zen." Injini nzima. Alisema kama anayenipongeza. Lile gari la Kijapani alilotusifia jirani yetu, mwenyewe alikwishaliuza akanunua jingine, nami bado nilikuwa nawasha pikapu ya baba asubuhi, ikiitika kabla sijamaliza kuzungusha ufunguo.

Mwaka huu mtoto wa mama yangu mdogo alinitumia salamu za sauti kutoka Unguja. Wamejenga nyumba ya wageni Makunduchi, wanataka mtu wao wa kuisimamia, aliyezoea hoteli. "Njoo kabla ya msimu," akasema, na nyuma ya sauti yake nilisikia kuku na mtu akipasua kuni. Niliisikiliza mara nyingi kuliko inavyostahiki. Alisema atangoja kidogo, halafu atamtafuta mwengine.

Basi ukaja wakati wa mulkiya, ile kadi ya gari inayohuishwa kila mwaka. Gari likishazeeka haliipati mpaka lipite ukaguzi. Miaka yote nilikuwa nikilisugua na kulipaka nta kabla ya kulipeleka. Safari hii sikulitia hata maji. Nilitaka mkaguzi alione lilivyo. Akilikataa, nilijisemea, limekufa, na mimi nimetimiza.

Mama akataka twende sote, ili tukitoka huko tupitilize Bustan. Foleni ilikuwa ndefu na jua kali. Tulikaa ndani, ubaridi ukituvumia, mama amejifunika mtandio mpaka kidevuni. Zamu yetu ilipokaribia nikataka kushuka nipeleke karatasi. Nikavuta mkono wa mlango. Ukanibakia kiganjani.

Mama akautazama. "Na huo?"

"Umekatika."

"Sasa tunatokaje?"

Vioo havishuki. Milango yote miwili haifunguki kwa ndani. Nikapiga honi. Dereva wa lori la maji nyuma yetu akadhani naikemea foleni, naye akapiga yake, ndefu zaidi, na wa nyuma yake akamwitikia. Hakuna aliyeshuka kwenye kiyoyozi chake kuja kutazama. Nikawapungia watu wa mbele mkono, na mtoto mmoja akanipungia.

Kilichobaki kizima ni kidirisha cha nyuma, kile kidogo kinachosukumwa pembeni baina ya kichwa cha gari na bodi. Baba alikuwa akikisifu, akisema Wamarekani wamekiweka kwa ajili ya kumsemesha mbwa. Nikapiga magoti kwenye kiti, nikapitisha mikono, kichwa, mabega kwa shida. Halafu kiuno kikakataa. Huko nje kichwa changu kilikuwa kwenye jua, mikono imeshika kigoda cha mama, na ndani miguu yangu ilikuwa kwenye baridi. Kanzu ilinasa pahala nisipopaona.

"Pumua nje," mama akasema, akinisukuma unyayo. "Nilikwambia wali wa usiku unakunenepesha."

"Mama, usisukume."

"Nisiposukuma utalala hapo?"

Mkaguzi alikuwa amefika. Mtu wa rika langu, ubao wa karatasi mkononi. Alisimama akanitazama bila haraka. Bila shaka alikwisha kutusikia, kwa sababu hakuanza kwa Kiarabu, alianza kwa Kiswahili chetu.

"Yakhe," akasema, "unatoka au unaingia?"

Kabla sijajibu mama akajibu kutoka ndani. "Huyu anataka kutoka siku nyingi, mwanangu. Hajui pa kupita."

Mkaguzi akaja upande wa mama, akavuta mlango kwa nje, ukafunguka kama kawaida yake. Akachukua kigoda mikononi mwangu, akamwekea mama, akamshusha kwa heshima zote. Mimi bado nilikuwa nimekwama. Walinitoa kwa kunirudisha ndani.

Akalikagua. Breki nzuri. Taa nzuri. Moshi safi. Alilala chini akatazama chesisi, akainuka akijipangusa. "Injini hii itatuzika sote," akasema. Halafu akaandika kuwa gari halikupita, kwa sababu ya milango. Gari ambalo watu hawawezi kutoka ndani yake halitembei barabarani. Litengenezwe, lirudi.

Sikwenda Bustan. Nilimrudisha mama Mabela nikiwa na furaha niliyokuwa naificha vibaya. Nilimwona akinitazama kwa pembe ya jicho. Njia nzima nilikuwa naiona barabara ya Makunduchi.

Baada ya alasiri kaka alikuja. Nikampa karatasi. Akaisoma, akairudisha. "Basi limekufa. Liuzwe chuma chakavu. Mama nitamletea dereva."

"Limekufa wapi?" mama akauliza. "Limetuleta mpaka hapa mlangoni."

"Wamelikataa, mama."

"Wamekataa milango. Na wewe ulikataliwa kazi mara ngapi? Tulikuzika?"

Mama akanigeukia mimi. Hakukasirika. Alikuwa amekaa na mkono ule wa mlango uliokatika, akiugeuza geuza, sijui aliuokota saa ngapi.

"Uliyeapa ni wewe. Niambie wewe. Gari limekufa?"

Nilikuwa na jibu tayari tangu foleni. Karatasi ilikuwa mkononi, kaka alikuwa upande wangu, na neno lenyewe ni moja. Lakini dirishani nililiona limesimama uani, paa limechunika, na nilijua nikitoka sasa hivi nikatia ufunguo litaitika.

"Halijafa," nikasema.

Kaka akapiga ulimi, akaenda kutawadha. Mama akauweka ule mkono juu ya meza.

"Sasa kwa nini huna akili? Kiapo si kina kafara? Chuoni hukusoma Kurani? Lisha masikini kumi, ukende zako Makunduchi."

"Umejuaje Makunduchi?"

"Ile sauti umeipiga mpaka mimi nimewajua kuku wao."

"Na mbona hukunambia hayo ya kafara siku zote?"

"Kwani mimi ndiye niliyeapa?"

Jambo hilo nalijua, analijua kila mtoto aliyepita chuoni. Miaka yote nimelala na kuamka ndani ya kiapo changu, nikililaumu gari, nikiwalaumu Wamarekani kwa kutengeneza injini ya namna ile na milango ya namna ile, na hata mara moja sikulisema neno kafara, hata peke yangu. Kwa nini, sijui vizuri. Nikiwa Dubai niliililia Unguja, nikiwa Unguja niliililia Maskati. Hapa, angalau, nilikuwa na kitu cha kukilaumu.

Siku ya pili nilikwenda Wadi Kabir. Fundi alinipeleka kwenye pikapu kama yetu iliyogongwa ubavu, imekaa juu ya matofali, akang'oa mikono ya milango yote miwili na mota za vioo. Tulirudi kwenye ukaguzi, tukapita. Mkaguzi yule yule alifungua na kufunga mlango wangu mara kadhaa, akacheka peke yake, akatupa ruhusa.

Alhamisi mama alipika pilau ya mbuzi. Tuliweka sufuria nyuma kwenye bodi, imefungwa taulo, na kigoda pembeni yake. Mabela haikosi nyumba inayojengwa, wala watu wa kuijenga. Tulisimama penye ghorofa lisilo na vioo, wakati wa mapumziko ya mchana, mafundi wa Kibengali wamelala kivulini juu ya maboksi. Safari hii mama hakunisubiri. Mlango wake aliufungua mwenyewe, kwa ndani, kisha akakaa na mguu mmoja ukining'inia, maana kigoda nilikuwa sijakileta.

Alipakua, mimi nikagawa. Walikuja wakinawa mikono kwa ndoo ya saruji iliyosafishwa, wakala kwa adabu. Wa mwisho alikuwa mwashi mzee, ndevu nyekundu kwa hina. Alipokea sahani, akaitazama, akauliza kwa Kiarabu hii ni karamu au ni sadaka.

Mimi nilitaka kusema karamu. Mama akamwambia kweli, kuwa ni kafara, mwanawe anataka kuondoka.

Mzee akairudisha sahani mikononi mwangu, taratibu. Akasema Mungu atupokelee, lakini yeye ana mikono, ana kazi, na nyumbani kwao yeye ndiye anayelisha watu. Tumpe anayestahiki. Akaenda kukaa kwenye boksi lake, akafungua mkate wake.

"Mwambie ale tu," nikamnong'oneza mama. "Atajua nani?"

"Ana haki yake yule. Umehesabu?"

"Tisa."

Akafunika sufuria, akakaza taulo. "Wa kumi tutamtafuta kesho."

"Kesho Ijumaa, mama. Hawafanyi kazi."

"Basi Jumamosi. Makunduchi inakwenda wapi?"

Nikazunguka mbele ya gari, nikachukua kigoda, nikakiweka chini ya mlango wake. Akapanda polepole, mkono wake begani kwangu, akaketi kwenye thumni yake, akaweka mkoba mapajani. Nikaingia upande wangu. Mlango uliitika vizuri, kufunga na kufungua. Nikatia ufunguo, na kabla sijauzungusha wote injini ikawaka.